Homa ya Gari na Lugha ya Gereji

Asubuhi moja ya muhula wa pili mwaka jana, nilipokuwa nimelisimamisha gari langu mbele ya lango la shule ya msingi anakosoma binti yangu, mwalimu wa zamu alinijia, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akatamka maneno ambayo sijayasahau: "Samahani, Daktari. Sisi tunaosimama hapa kila asubuhi hulijua gari lako kabla hatujaliona."

Hakuhitaji kufafanua. Alikuwa akipangusa macho kwa leso, na nyuma ya gari langu palikuwa na harufu kali ya petroli mbichi iliyowafanya watoto wapite wameziba pua. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na kila mwaka huwakumbusha wanafunzi kwamba sentensi iliyovishwa heshima yaweza kubeba lawama nzito kuliko tusi. Siku hiyo mfano nilikuwa mimi, na haki ilikuwa upande wa mwalimu yule. Husimama pale tangu saa kumi na mbili na nusu hadi kengele ilie, magari thelathini au arubaini yakinguruma mbele yake, wala hana dirisha la kufunga.

Chanzo cha harufu ile nilikijua. Nilikuwa nimekilipia kwa fedha zangu mwenyewe, yapata miaka miwili kabla ya hapo, kando ya barabara ya Mai Mahiu.

Wasomaji waliopata kusafiri kutoka Narok kuja Nairobi wanaujua mpando ule: malori yanapanda kwa mwendo wa konokono, kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano mwaka 1942 kiko kando ya njia, na ukuta wa Bonde la Ufa unakuelemea usoni. Mai Mahiu ni jina la Kikikuyu. Maana yake ni maji moto. Sijapata kuona jina la mahali likitimia kwa kadiri ile. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, mvuke ukafoka, nami nikajikuta nimesimama ukingoni mwa barabara na gari lililochemka, nikiwa na mitihani ya wanafunzi mia moja na ishirini kwenye kiti cha nyuma.

Kijana mwenye spana mbili na mtungi wa maji alitokea kana kwamba alikuwa akinisubiri. Tulingoja injini ipoe. Kisha akafungua mahali fulani penye mpira mnene unaotoka kwenye rejeta, akachopoa kitu kidogo cha shaba kilicholingana na kifuniko cha chupa, akakiinua nikione. "Mzee, hiki ndicho kinachokusumbua," akasema. "Ni kizibo tu. Wazungu huweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Huku kwetu tunatoa." Akakitupa nyasini, akajaza maji, nikamlipa, gari likapanda hadi Limuru bila kulalamika. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nikaamini.

Kile kitu kilikuwa thamostati. Lakini hebu kwanza tulitazame neno alilolitumia kijana yule, kwa maana ndilo lililoniponza. Kizibo hutokana na kitenzi ziba. Kilichoziba hukinza njia, na palipozibwa pana haja ya kuzibuliwa. Mtu akikwambia kwamba ndani ya injini yako inayochemka mna kizibo, ameshatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa. Kilichobaki ni kung'oa. Lau angalikiita mlango, pengine ningalimwuliza ni mlango wa kuingilia wapi. Lau angalikiita bawabu, ningalisita kumfukuza bawabu wakati nyumba inaungua.

Kwa hakika ndiyo kazi yake. Ndani ya thamostati mna kidonge cha nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini peke yake bila kwenda kwenye rejeta, na kwa hiyo injini inapata joto upesi. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, kwa gari kama langu, nta huyeyuka na kutanuka, ikausukuma mlango, na maji ya moto yakaanza kwenda kwenye rejeta kupozwa. Joto likipungua, mlango hurudi. Hakuna waya wala kompyuta hapo. Ni nta tu, na inafanya kazi hiyo mchana na usiku kwa miaka mingi.

Wala haya hayahusu theluji. Injini ya petroli imeundwa ifanye kazi katika joto maalumu, awe mwenyewe yuko London au Lamu. Ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, na sehemu yake hutoka haijaungua au huteremka na kuichafua oili. Katika magari yaliyoundwa tangu miaka ya 1990 pana balaa nyingine zaidi. Kompyuta ya injini hupokea habari za joto la maji. Ikiambiwa kwamba maji ni baridi, huongeza petroli, kama vile mama aongezavyo kuni asubuhi moto usiposhika. Gari langu, lisilo na thamostati, lilikuwa likiiambia kompyuta kila siku kwamba kumekucha sasa hivi. Nilitoka kilomita kumi na mbili kwa lita hadi tisa, nikalaumu msongamano wa Nairobi. Petroli iliyozidi haikupotea. Ilikuwa ikitoka nyuma, langoni mwa shule.

Na licha ya hasara hiyo, ugonjwa haukupona. Desemba iliyofuata gari lilichemka tena kwenye mpando ule ule, safari hii bila kizibo cha kulaumiwa. Nilinunua mtungi wa maji wa lita ishirini, nikauweka butini, nikaishi nao kama mtu anavyoishi na jino bovu. Ni maneno ya mwalimu wa zamu yaliyonipeleka hatimaye kwa kijana mmoja niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili kabla sijahamia chuoni, ambaye sasa ana gereji ndogo mashariki mwa jiji.

"Mwalimu, hii gari haina thamostati," alisema kabla hata ya kulala chini yake. "Nani alitoa?"

Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akanionyesha jambo ambalo kijana wa Mai Mahiu hakulijua, wala mimi. Katika injini nyingi za Kijapani kama yangu, thamostati ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Mlango wa rejeta unapofunguka, kisahani hicho huifunga njia ya mkato ambayo maji huipitia injini ikiwa baridi. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huirudia injini bila kupitia kwenye rejeta. Kwa mwendo wa kawaida gari hupoa kupita kiasi. Kwenye mpando mrefu, palipo na haja ya rejeta yote, hupungukiwa. Kwa hiyo niliishi na magonjwa mawili yanayopingana, nami nilikuwa nimeyalipia yote mawili.

Kisha akaufungua mfuniko wa rejeta, akaugeuza. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. "Huu ndio uliokuchemshia gari mara ya kwanza," akasema. "Huu, na kutu iliyojaa kwenye rejeta."

Hapa naomba walimu wa Fizikia wanivumilie niingie shambani mwao. Maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya kimo chake, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwenye nyuzi kama 93. Kila mpishi wa Limuru anajua kwamba githeri ya huko inataka subira kuliko ya pwani. Sasa, injini inayofungua mlango wake kwenye nyuzi 82 ina nafasi ndogo mno kabla ya maji kuchemka mlimani. Ndipo unapoingia mfuniko. Juu yake pameandikwa tarakimu, kwangu 0.9, maana yake ni kwamba springi yake huzuia mvuke mpaka kanieneo ndani ya rejeta ipite ya nje kwa karibu kiasi cha hewa nzima ya usawa wa bahari. Kwa kanieneo hiyo maji hayachemki hadi yapite nyuzi 110, hata Limuru. Ni siri ile ile ya sufuria ya presha. Mfuniko uliokufa hauzuii kitu, na maji huchemka kama yaliyo kwenye sufuria wazi.

"Haya nilisoma," kijana aliniambia, akiwa ameushika ule mfuniko. "Kidato cha pili au cha tatu. Swali la maji kuchemka milimani lilikuja kwenye mtihani, nikalipata. Lakini lilikuwa la Kiingereza, Mwalimu, na sufuria yake ilikuwa ya kwenye karatasi. Mfuniko wa rejeta nilikuja kuuelewa miaka mitano baadaye, nikiwa gereji, siku uliponichoma mkono."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko makala nyingi nilizosoma kuhusu sera ya lugha. Katika shule zetu kanieneo ni neno la kamusi na wenzake wa Kiingereza ni wa mtihani. Katika gereji, kazi yote hufanywa kwa Kiswahili: maji yanachemka, hedi imekufa, rejeta imeziba, gari linarusha maji. Baina ya lugha hizo mbili hapana daraja, na anayepita hapo hupita bila mizigo yake. Sisemi kwamba kijana wa Mai Mahiu angaliepuka kosa lake kwa sababu tu amefundishwa kwa Kiswahili. Haja ya fedha na haraka ya mteja ni walimu wakali pia. Nasema kwamba alinieleza kwa neno moja alilokuwa nalo, na nilikuwa sina neno la kumjibu. Tulikuwa wajinga wawili, mmoja wao ana shahada tatu.

Ukarabati wenyewe ulikuwa na mashauri yake. Palikuwa na rai ya kuiunganisha feni moja kwa moja na betri ili izunguke muda wote gari likiwaka, jambo ambalo madereva wengi wa jiji hulipenda. Niliikataa, kwa kuwa ni kulidanganya gari tena kwamba lina joto wakati halina. Palikuwa na rai ya rejeta kubwa ya shaba yenye safu tatu badala ya ile nyembamba ya aluminiamu. Hiyo ilinivutia, na kwa gari linalobeba mizigo mlimani ningeikubali, kwa maana fundi wa rejeta huweza kuilehemu popote. Lakini rejeta niliyokuwa nayo haikuwa ndogo, ilikuwa chafu. Kwa miaka kumi nilikuwa nimeimiminia maji ya bomba peke yake, kwa imani kwamba kulanti nayo ni ya nchi za baridi. Kumbe kazi yake nyingine ni kuzuia kutu, na pia huipandisha nyuzi ya kuchemka. Basi tukaizibua rejeta, tukanunua mfuniko mpya na kulanti. (Mwenye watoto asiitie kulanti iliyobaki katika chupa ya soda: ni tamu, na ni sumu.)

Thamostati nilinunua mbili kutoka maduka mawili ya Barabara ya Kirinyaga, moja ya bei ya juu na moja ya bei ya chini. Jioni hiyo mimi na binti yangu tulizitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, pamoja na kipimajoto. Ya kwanza ilianza kufunguka ilipokaribia nyuzi 82 kama ilivyoandikwa, polepole, kama jicho la mtu anayeamka. Ya pili haikufunguka hata maji yalipotokota. Laiti ningaliifunga ile ya pili kwenye injini, kijana wa Mai Mahiu angalikuwa na haki kabisa ya kuiita kizibo. Nadhani ndiyo asili ya imani yake: vipuri vibovu vilivyokwama vimewafundisha mafundi kwamba kifaa chenyewe ni kibovu. Binti yangu aliniuliza kile kizima kinaitwaje kwa Kiswahili. Nilimwambia bawabu. Bado twaliita hivyo nyumbani, ingawa sidhani kamusi yoyote itanikubalia.

Likabaki suala la kataliti, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Alipokuwa shimoni chini ya gari, mwanafunzi wangu aligonga kwa spana kile kisanduku cha chuma kilicho baina ya injini na sailensa. "Mwalimu, hii kataliti ni ya tangu gari liundwe. Tunaweza kutoa tuweke bomba tupu; gari litakuwa jepesi. Na kuna mtu wa kuinunua. Atakupa elfu kumi na nane." Ilikuwa wiki ya karo. Sitajifanya kwamba sikupiga hesabu.

Ndani ya kisanduku hicho mna kauri yenye matundu mengi membamba kama sega la nyuki, na juu ya kauri hiyo pamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo sana. Hizo ndizo anazozitaka mnunuzi. Bei zake zilipopaa kati ya 2019 na 2021, wezi wa nchi nyingi walijifunza kulala chini ya magari ya watu. Wako wanaoiita chujio la moshi, na hilo nalo ni jina la kupotosha, maana chujio hujaa na likishajaa hutupwa. Wanasayansi wanaoandika Kiswahili wana neno bora zaidi: kichocheo. Kataliti haikusanyi uchafu, huugeuza. Monoksidi ya kaboni, ambayo huua bila harufu, hugeuzwa dioksidi ya kaboni. Petroli isiyoungua hugeuzwa dioksidi hiyo hiyo na maji. Oksidi za naitrojeni hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Lakini ina masharti. Hutaka joto la nyuzi 250 hadi 300 ndipo iamke, na hutaka hewa na petroli kwa uwiano wake, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzani. Ukiilisha petroli ya ziada, hukosa oksijeni ya kufanyia kazi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeizamisha.

Desturi ya kuing'oa haikuzuka kwa upumbavu, na ningependa kulisema hilo kwa mkazo. Magari ya Japani yalikuja hapa na kataliti zake wakati ambapo petroli yetu ilikuwa bado ina risasi. Risasi ya petroli huua kataliti kama ile ya bunduki iuavyo swala. Kataliti iliyokufa ikaziba, gari likakosa nguvu, fundi akaing'oa, gari likapona: hiyo ilikuwa tiba sahihi kwa wakati wake. Lakini mataifa ya kusini mwa Sahara yaliyokutana Dakar mwaka 2001 yalikubaliana kuiondoa risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma kuuzwa katika eneo hili. Mwezi Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililo hapa hapa Gigiri, lilitangaza kwamba imetoweka katika vituo vya mafuta vya dunia nzima. Sababu ya desturi ilikwisha, desturi ikabaki. Sisi wa isimu hatushangai. Bado tunaliita garimoshi treni lisilo na tanuri la makaa wala mvuke.

Gari langu liliundwa 1998 na kuteremshwa Mombasa 2005, ndani ya ile miaka minane inayoruhusiwa. Kwa hiyo yamkini lilionja risasi kwa miezi michache. Yamkini kataliti yake ilikuwa imechoka. Mpya ya asili ingenigharimu fedha zinazokaribia robo ya thamani ya gari zima, na zile za bei nafuu hupakwa madini kidogo mno. Na ipo hoja ambayo kila mwenye gari kuukuu huitoa, nami niliitoa kwa sauti mle gerejini: gari langu moja ni nini mbele ya malori na matatu za jiji hili? Kanuni za Ubora wa Hewa zipo tangu 2014, lakini hakuna afisa aliyepata kuniinamia nyuma ya gari na kipimo.

Mwanafunzi wangu alinisikiliza hadi mwisho. "Matatu hazisimami pale kwa mtoto wako, Mwalimu," akasema. "Ni nyinyi tu." Kisha akaongeza la kifundi, ambalo ndilo lililonishinda: kataliti haiwezi kuhukumiwa wakati injini inatema mafuta mabichi. Turudishe kwanza thamostati, injini ipate joto lake, halafu ndipo tupime.

Tuliendesha majuma mawili. Gari lilipelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kupima moshi, likapimwa likiwa na joto kamili. Monoksidi ya kaboni haikuwa ya gari jipya, wala haikuwa ile niliyoiogopa. Kile kisanduku cha miaka mingi kilikuwa bado kinafanya sehemu ya kazi yake. Nikaamua kibaki. Petroli imerudi kilomita kumi na moja na nusu kwa lita. Mpando wa Mai Mahiu nimeupanda mara tatu, mara moja nikiwa nyuma ya lori la saruji muda wote, na mshale haukutikisika. Mtungi wa maji bado uko butini, kwa kuwa woga hautoki kwa siku moja.

Mwalimu wa zamu sikumwambia lolote, wala yeye hakuniambia. Nikifika langoni sasa huzima injini mara moja. Hilo lilikuwa la bure tangu mwanzo, na sijui kwa nini sikulifanya. Mnunuzi wa kataliti hupiga simu kila mwisho wa mwezi kuniuliza kama nimebadilisha nia, na wiki jana amepandisha bei hadi elfu ishirini na mbili.